Jezi za NFL pale Kibuye: lipa kwanza, stori baadaye

Mimi si mtu wa kuandika rivyu ila nimenunua kwa huyu mama mara nne sasa na kila nikivaa lazima mtu aniulize hiyo nimetoa wapi. Ni Kibuye, lile soko la Kisumu, upande wa mitumba, hana bango wala jina, utamjua tu na ile waya ndefu ametundika majezi mapana ya matundu matundu ambayo Kisumu yote huita jezi za raga. Na si za raga. Ni za NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki, ile fainali yao Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku huku kwetu ukiwa umelala fofofo.

Kitu ya kwanza kujua ni kwamba mama hapangi bei na jina la mgongoni, anapanga na rangi. Nyekundu na nyeusi ziko juu, nyeupe iko chini juu ya hii vumbi yetu, na zile kubwa kama hema unapewa karibu bure kwa sababu nani atavaa. Kwa hivyo kama unajua hawa watu ni akina nani, wewe ndio umeshinda. Shida ni mdomo.

Siku ya kwanza nilipata PAYTON 34, bluu ile nzito ya timu ya Chicago Bears, nambari zimeshonwa si kuchapwa, mama amesema mia tatu. Badala nitoe simu nilipe nikaanza kusimulia. Nikamwambia huyu Walter Payton alikuwa akiitwa Sweetness, alitoka mji mdogo wa Columbia huko Mississippi, akacheza misimu 13 kuanzia 1975 na mechi aliyokosa ni moja tu, alikimbia na mpira yadi 16,726, hiyo ni kama kilomita 15, utoke taun upite Kisian, na njia yote kuna mijitu inakurukia ikuvunje. Jamaa mmoja hapo kando akabisha ati huyo si ni yule Peyton Manning wa timu ya Colts, nikamwambia yule Peyton ni jina la kwanza, Manning ndio la baba, hawa ni watu wawili. Nikaendelea. Kwamba Bears walipochukua Super Bowl Januari 1986 waliwapiga Patriots 46 kwa 10 na Payton hakufunga hata tachidauni moja, lile bao lao, ikapewa William Perry afunge, ule mlima wa mtu waliomwita Friji, na ilimuuma Payton sana. Halafu ini likamsumbua, akafariki 1999 akiwa na miaka 45 pekee.

Mama akaikunja pole pole akaiweka nyuma ya mgongo wake. "Kumbe ni ya marehemu mkubwa hivyo? Hii sasa ni mia tano."

Nililipa mia tano. Sijutii, nimeifua mpaka sasa hata uzi mmoja haujatoka, lakini mjue mimi ndio niliharibu soko.

Saizi ni ya kuangalia. Hizi jezi nyingi zimekatwa za kuvaliwa juu ya yale mabega ya plastiki, kwa hivyo kama wewe ni laji chukua midiamu, la sivyo utaonekana umeazima nguo ya mjomba. Chumba cha kujaribia hakuna, unavalia juu ya shati hapo hapo watu wakikuona.

Ya pili ilikuwa WARNER 13 ya Rams, hiyo nilinyamaza nikalipa mia mbili hamsini, stori nikampa baadaye na akaipenda kuliko zote kwa sababu kijana wake yuko supamaketi. Kurt Warner mwaka 1994 timu ya Packers ilimwachilia, akaenda kupanga bidhaa kwa shelfu usiku huko Iowa, dola 5.50 kwa saa, na Januari 2000 ndiye kwotabeki, yule mrusha mpira, aliyebeba Super Bowl, akarusha yadi 414. Mama akasema atamwambia kijana asiache kazi. Nikaona hajanielewa vizuri lakini sawa tu.

Sasa malalamiko. BRADY 12 niliyochukua mara ya tatu nambari ni za kubandikwa na joto, kufua mara mbili ile 1 ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta. Nilirudi nayo, mama akaniambia mitumba hairudishwi, na kusema ukweli yuko sawa, ningevuta ile nambari na kucha kabla ya kulipa. Inauma tu kwa sababu ni Brady, mtu aliyechaguliwa wa 199 timu zikigawana wachezaji wapya mwaka 2000 halafu akamaliza na Super Bowl saba.

Ingine. Kuna siku belo ilitoka na helmeti moja ya kweli, ya chuma usoni, na kijana wa boda akaitaka ati itamfaa barabarani. Tafadhali msifanye hivyo. Haikutengenezewa lami, na hata kwa hao wenyewe inazuia tu fuvu kupasuka, ubongo bado unagonga ndani. Daktari Mwafrika, Bennet Omalu wa Nigeria, ndiye aligundua hiyo 2002 alipochunguza ubongo wa Mike Webster wa Steelers, mtu wa Super Bowl nne ambaye alikufa na miaka 50, baada ya kuchanganyikiwa mpaka kuna wakati alilala kwa gari. Yule kijana alisikiza, akaniangalia, akainunua.

Kama unaweza, muulize mama akuwekee OKOYE 35 ya Kansas City Chiefs, mimi bado naitafuta. Christian Okoye, Mnigeria, alienda Marekani kutupa kisahani, mpira akaanza akiwa mtu mzima kabisa, na 1989 akaongoza ligi nzima kwa kukimbia, yadi 1,480. Nilikosea nikataja pia Daniel Adongo, yule Mkenya aliyetoka raga Colts wakamsajili 2013. "Adongo! Wa wapi?" Sasa anaitafuta yeye, na akiipata sijui nani ataweza hiyo bei.

Juzi Jumapili amevuta moja ya bluu nyepesi ya Detroit, SANDERS 20, safi, ya kushonwa. Nikajikaza uso. Akauliza, "Huyu naye ni marehemu?"

"Hapana mama, yuko. Ni mtu tu aliacha kazi mapema, bado ana nguvu, akatuma barua kwa faksi akaenda nyumbani."

"Mvivu," akasema. "Leta mia mbili."