Kihispania cha A-level Uingereza: Tathmini ya Kozi ya Bodi ya AQA

Kwa mzazi anayeishi Uingereza ambaye mwanawe amemaliza GCSE, mitihani ya umri wa miaka 16, na sasa anachagua masomo ya miaka miwili ya mwisho ya shule, ninapendekeza Kihispania kwa moyo mkunjufu, hasa kozi ya A-level ya bodi ya mitihani ya AQA, ambayo nimeifuatilia kwa karibu nikiwa mzazi wa mwanafunzi aliyeisoma. Mwaka 2019 watahiniwa wa Kihispania katika ngazi hiyo waliwazidi wale wa Kifaransa kwa mara ya kwanza, lakini wingi wao si hoja yangu. Ninaipenda kozi hii kwa sababu inamtaka kijana aijue historia ya watu na kuijadili kwa lugha yao, badala ya kumwachia misemo ya kuagizia chakula na kuulizia njia.

Mada zake zinaanza na mambo ambayo kijana anayaishi, kama vile familia, intaneti na usawa wa jinsia, kisha zinapanda hadi uhamiaji, ubaguzi wa rangi, tawala za kidikteta na harakati za umma. Hapo ndipo thamani ya kozi inapoonekana. Mwanafunzi wa miaka 17 anatarajiwa aweze kueleza kwa Kihispania namna Hispania ilivyotoka katika utawala wa dikteta Franco, uliodumu kuanzia 1939 hadi kifo chake mwaka 1975, ikafikia katiba ya 1978. Au kwa nini akina mama wa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, walianza kukusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mwaka 1977, wakidai kujua walipo watoto wao waliotoweka mikononi mwa serikali ya kijeshi. Kijana akishaweza kulitetea jibu lake katika maswali ya namna hiyo, ameivuka lugha ya kukariri.

Katika Karatasi ya 2, mwanafunzi huandika insha mbili kwa saa mbili, kuhusu vitabu viwili au kitabu kimoja na filamu moja kutoka katika orodha ya bodi. Tamthilia ya Federico García Lorca, La casa de Bernarda Alba, ambayo aliikamilisha mwaka 1936 muda mfupi kabla ya kuuawa, imo katika orodha hiyo, nami ningemshauri mwalimu yeyote aichague. Mama mjane anayewafungia binti zake watano ndani kwa miaka minane ya maombolezo, akihofia watu watasema nini, ataeleweka haraka na msomaji aliyekulia katika jamii yenye eda, matanga na majirani wenye macho. Masikitiko yangu ni kwamba karatasi hii, inayodai usomaji wa kina kuliko nyingine zote, ina uzito wa asilimia 20 tu, ilhali ile ya kusikiliza, kusoma na kutafsiri ina asilimia 50.

Asilimia 30 zinazobaki ni za mtihani wa kuzungumza, unaochukua kati ya dakika 21 na 23, zikiwemo dakika tano za kujiandaa. Sehemu yake kubwa ni mjadala wa utafiti binafsi: mwanafunzi huchagua jambo lolote linalohusu nchi inayozungumza Kihispania, hulieleza kwa dakika mbili, kisha huhojiwa kwa dakika tisa au kumi. Uhuru huu unaziba kwa kiasi fulani pengo ninaloliona kuwa kasoro kubwa ya kozi, yaani uhaba wa Afrika ndani yake. Mada ya utambulisho wa majimbo inahusu Hispania peke yake, na Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka Hispania mwaka 1968 na ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi hadi leo, haina mada yake. Mtoto mwenye asili ya Afrika anaweza kuichagua katika utafiti wake, naye atajifunza mengi kuhusu ukoloni ambao hata sisi wazazi wake tunaujua kidogo.

Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani ana mtaji ambao walimu wengi hawautambui. Irabu tano za Kihispania zinakaribiana sana na zetu, na ile hali ya kitenzi inayowasumbua wenzake wa Kiingereza hubadili mwisho wa kitenzi kama ifanyavyo yetu: kama sisi tunavyosema “nataka asome” na si “anasoma”, ndivyo Mhispania anavyogeuza “habla” (anazungumza) kuwa “hable” (azungumze) baada ya neno la kutaka. Tahadhari ni moja: kipo kifungu cha kutafsiri kwenda Kiingereza, kwa hiyo aliyehamia Uingereza karibuni aimarishe Kiingereza chake pia.

Kabla ya kumwandikisha mtoto, muulizeni mkuu wa idara ya lugha kama mwanafunzi atapata muda wa kuzungumza ana kwa ana na msaidizi wa lugha kila wiki. Madarasa ya lugha katika ngazi hii mara nyingi huwa madogo, na pale bajeti inapobana, saa hizo ziko hatarini kukatwa, ingawa maandalizi ya dakika zile za mahojiano yanazitegemea.