Dawa ya kung'arishia stenlesi: nimeitumia miezi sita, haya ndiyo niliyoyaona

Nyota tatu kati ya tano. Siku ya kwanza ningeipa zote tano bila kusita, na ndiyo maana sikuandika siku ya kwanza.

Ninayoizungumzia ni ile ya kopo, ya kupuliza, inayouzwa kwa ajili ya friji, oveni na masinki ya stenlesi. Niliinunua kwa sababu ya mlango wa friji. Kwenye nyumba yenye watoto, mlango huo ni daftari la mahudhurio: unajua nani amepita na alikuwa anakula nini.

Nilipuliza, nikafuta, mlango ukawa kioo. Nikawaita wa nyumbani waje kushangaa. Siku ya nne ukawa na ukungu wa mistari, vumbi limenata, na alama za vidole zinaonekana kuliko zamani. Nikapuliza tena. Nilikwenda hivyo wiki kadhaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka nilipopitisha ukucha pembeni mwa mpini ukatoka na utando wa kijivu. Kumbe muda wote huo sikuwa nasafisha, nilikuwa naupaka uchafu mafuta.

Na kweli dawa yenyewe kwa sehemu kubwa ni mafuta. Yanajaza vimistari vya chuma na kuufanya mwanga urudi sawasawa. Kazi ya kutoa uchafu si yake, na maelezo ya kopo yanasema wazi kwamba sehemu iwe safi na kavu kwanza, ila yameandikwa kwa herufi za kuumiza macho.

Sasa nafanya hivi: maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo, kitambaa laini. Alama za vidole ni mafuta ya ngozi tu, sabuni inazimaliza. Nasuuza kwa kitambaa kingine, kisha nakausha hapo hapo. Hapa pa kukausha ndipo wengi tunapopakimbia. Maji yakiachwa yakauke yenyewe, hasa maji magumu (yenye chokaa nyingi), yanaacha madoa meupe ya chokaa ambayo sabuni haiyawezi. Hayo nayatoa kwa siki na maji, nusu kwa nusu, halafu nasuuza tena. (Mtu akikuambia uchanganye siki na bekingi soda, utapata povu la kupendeza na karibu hakuna kingine, kwa kuwa asidi na magadi vinauana palepale.) Baada ya yote hayo ndipo kopo linapoingia, mpulizo mmoja kwenye kitambaa, si kwenye mlango. Ikitumiwa hivyo, mng'ao unakaa zaidi ya wiki na kopo haliishi.

Jambo jingine ambalo sikulijua: stenlesi nyingi za jikoni zina nyuzi kama mbao. Isogelee uitazame. Kwenye friji yangu nyuzi zinashuka wima, kwenye oveni zimelala. Ukifuta kwa kuzifuata, mistari inapotea, ukifuta kwa mizunguko kama unayesafisha kioo, utafuta mpaka jioni.

Sinki ni hadithi nyingine, na hapo kosa ni langu. Kopo liliposhindwa na madoa ya chai nilichukua waya wa kusugulia sufuria. Doa likatoka. Baada ya siku mbili nikaona vidoti vya rangi ya machungwa na nikadhani nimeuziwa sinki bandia. Sivyo. Stenlesi ina kromi, angalau asilimia 10.5, na kromi hiyo ikikutana na hewa hujifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana inayozuia kutu. Waya wangu ulikuwa wa chuma cha kawaida, ukaacha chembe zake zikinasa juu, na zilizoota kutu ni hizo chembe. Kilichoniokoa ni poda ya Bar Keepers Friend, ya tangu 1882, ambayo inafanya kazi kwa asidi ya oksaliki. Unalowesha, unanyunyiza, unasugua taratibu kwa sponji, unasuuza kabla dakika haijaisha. Kutu ilitoka, na madoa ya chai pia. Mikwaruzo haikutoka. Vaa glavu, na usiikutanishe kamwe na dawa ya klorini ya kuweupisha nguo, maana hutoa gesi ya sumu. Hiyo klorini nayo iweke mbali na sinki lenyewe, inatoboa vishimo ambavyo hakuna poda itakayoviziba.

Kama friji yako ni ile nyeusi, au ina utando wa kuzuia alama za vidole, achana na kopo na poda vyote viwili. Pale unachogusa si chuma, ni tabaka lililopakwa juu yake, na likichubuka halirudi. Sabuni na maji vinatosha. Na kwa wenye majiko ya gesi: gesi inayosukuma dawa kwenye makopo mengi inawaka, kwa hiyo zima jiko, liache lipoe kabisa, na usipulize kuelekea kwenye vichomeo.

Nyota nilizozikata: moja ni ya ahadi kubwa mbele ya kopo na masharti madogo nyuma, nyingine ni ya sakafu. Ile dawa ikidondoka kwenye vigae inateleza vibaya, nusura nianguke nikiwa na sufuria mkononi. Nitanunua tena? Kopo la kwanza bado halijafika nusu, tutaonana mwakani. Poda nimeshanunua ya pili.

Mkwaruzo mmoja niliouacha kwenye mlango wa friji nimeufunika kwa mchoro wa mtoto. Sumaku inashika vizuri pale. Kwenye sinki haishiki, kwa kuwa stenlesi yake ina nikeli, kwa hiyo mikwaruzo ya huko naiona kila ninapoosha vyombo.