Kudai mafao ya ulemavu kwa mgonjwa wa akili: mapitio ya kituo kimoja cha msaada wa kisheria mjini Moshi

Haki za kifedha za mtu anayeishi na ugonjwa wa akili wa muda mrefu hupatikana kwa karatasi, na karatasi ndizo zinazomshinda mgonjwa wa aina hii kabla ya kitu kingine chochote. Kituo ninachokipitia hapa ni cha wasaidizi wa kisheria, kina vyumba viwili tu, na nilikwenda huko na kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi aliajiriwa hotelini akichangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kisha akafungua kibanda cha vipuri vya pikipiki. Huduma ni ya bure, kama Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inavyokusudia, na nalitaja hilo mapema kwa kuwa mjini wapo wajaza fomu wanaotaka kukatiwa sehemu ya fao lenyewe.

Ubora wa kituo uko katika namna wanavyoandaa maombi. Barua ya daktari tuliyokuja nayo ilitaja skizofrenia na sindano ya kila mwezi, basi. Msaidizi aliyetupokea, mama wa makamo, aliisoma mara mbili, akaiweka pembeni na kusema, "Dada, jina la ugonjwa halimlipi mtu. Tuandike kinachomshinda." Akaeleza kwamba katika pensheni ya ulemavu ya NSSF kinachopimwa ni kama mwanachama amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na kwamba wanaothibitisha ni madaktari, ambao hawamwoni mgonjwa akiwa kazini wala usiku akiwa hajalala. Kisha akamgeukia kaka mwenyewe, si mimi, akamuuliza kama anaweza kuhesabu chenji mteja akimharakisha, nani humkumbusha sindano, na huwaje anaposikia sauti akiwa kibandani. Majibu yalikuja polepole sana, naye hakuyadakia. Sentensi yangu ya "hawezi kazi" ilifutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na juu yake ikaandikwa kwamba huondoka akaacha kibanda wazi na fedha mezani, na kwamba hali hiyo hurudi hata anapotumia dawa ipasavyo. Akatueleza pia kwamba fao la kukosa ajira ni jambo jingine kabisa, kwa sababu linamhusu aliyepoteza kazi, wakati sisi tulikuwa tunazungumzia aliyepoteza uwezo wa kuifanya.

Kuhusu kodi hawakutupa matumaini ya bure. Tuliambiwa waziwazi kwamba hakuna punguzo la kodi ya mapato analopewa mfanyakazi kwa sababu tu anaugua akili; shilingi 270,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi, lakini hilo ni la kila mfanyakazi, mzima na mgonjwa. (Ukivuka mpaka wa Holili mambo hubadilika: Kenya imekuwa ikimsamehe mwenye cheti cha ulemavu kodi ya shilingi 150,000 za huko za kwanza kwa mwezi.) Kilichotusaidia ni ushauri kuhusu kibanda. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, lakini aliyekwisha kukadiriwa kodi, akaugua na kufunga bila kuijulisha TRA (Mamlaka ya Mapato), deni lake huendelea kukua huku yeye amelazwa. Kituo kilituandikia barua ya kutoa taarifa ya kufunga biashara na ombi la kusamehewa riba na adhabu, tukaambatanisha nakala za kadi ya kliniki.

Mambo ya msamaha wa gharama za matibabu na ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya watu wenye ulemavu waliyagusa kwa haraka. Hata hivyo, walitupa nakala ya tafsiri ya ulemavu iliyomo katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, inayojumuisha sababu za kimwili, kiakili na kijamii. Inafaa kuwa nayo mkononi, maana wapo watumishi ambao kwao mlemavu ni mwenye gongo tu.

Kasoro kubwa ni usiri. Mahojiano hufanyika hatua chache kutoka kwenye benchi la wanaosubiri, na mtu anayeulizwa kuhusu sauti anazosikia anastahili mlango unaofungwa. Kaka aliinamisha kichwa kila benchi lilipokuwa kimya. Isitoshe, anayeyajua mafao vizuri ni mama yule mmoja, na akiwa hayupo utaambiwa urudi kesho.

Maombi ya pensheni bado yako kwa madaktari, kwa hiyo siwezi kukisifia kituo kwa fedha ambazo hazijatoka, ila makadirio ya kodi ya kibanda yamekwisha kusitishwa. Atakayekwenda afike asubuhi mapema, abebe kitambulisho cha NIDA, namba ya uanachama na kadi zote za kliniki, hata zilizochakaa, kwa kuwa tarehe zake ndizo zinazoonyesha kwamba ugonjwa haukuanza jana. Na nakala azitoe kabla, kwani pale hakuna mashine.