Laptopu ya gemu au ya kazi? Nimezitumia zote mbili kuchorea ramani

Nachora ramani za nyumba hapa Dar es Salaam. Kwa miaka miwili nilitumia laptopu ya kazi yenye kadi ya picha (kifaa kinachochora kinachoonekana kwenye skrini) ya NVIDIA RTX A2000, memori ya kadi GB 4, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Muuzaji aliniambia kadi za gemu ni za kuchezea, mchoraji achukue hii. Nikamwamini.

AutoCAD na Revit, programu ninazochorea ramani, zilikwenda vizuri kabisa. Shida ilianza wateja walipotaka kuiona nyumba kama imeshajengwa. Nikifungua mradi wa ghorofa moja kwenye Twinmotion, programu inayogeuza ramani kuwa picha halisi ya nyumba, na samani zake na bustani, memori inajaa, picha inakatakata, na mara mbili programu ilijifunga usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Miti ndiyo iliyonitesa zaidi. Nilikuwa nafuta miembe ya mteja ili picha itoke, halafu naibandika upya kwa kuhariri. Iliniuma, maana mteja alikuwa ameitaja miembe ile kwanza kabla ya sebule.

Mwaka jana nikahamia laptopu ya gemu yenye RTX 4060, GB 8. Kabla ya kulipa nilisoma sifa za kadi mbili za kizazi hicho, ya gemu na ya kazi, nikashangaa: RTX 4060 ya laptopu na RTX 2000 Ada ya laptopu, ambayo inauzwa kama kadi ya kazi, zinatumia chipu ileile ya AD107, zote zina viini 3,072 vya CUDA, yaani vipande vidogo vinavyopiga hesabu za picha, na memori GB 8. Tofauti kubwa iko kwenye draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, na uthibitisho: kadi ya kazi imepimwa na kukubaliwa na watengenezaji wa programu za uhandisi. Lakini Twinmotion imejengwa juu ya Unreal Engine, injini ya gemu, kwa hiyo uthibitisho huo haunisaidii kitu. Natumia draiva za Studio, ambazo NVIDIA ilianza kuzitoa 2019 kwa ajili ya watu wa kazi kama zangu. Miembe yote sasa inabaki mahali pake.

Mdogo wangu anasomea uhandisi mitambo na alitaka kununua kama yangu. Nilimkataza. Yeye anatumia SolidWorks, programu ya kuchorea vipuri vya mashine, na RealView yake, ile inayofanya chuma kionekane chuma wakati bado unachora, haiwaki kwenye GeForce, yaani kadi za gemu za NVIDIA kama yangu. Nikampa laptopu yangu ya zamani. Kwake RealView inawaka, na vipuri vyake havimjazii memori.

Jambo moja ningependa kila mnunuzi aliulizie dukani ni wati. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 hadi 115, kutegemea aliyeiunda mashine, na jina kwenye stika halibadiliki. Wati zikiwa chache, kadi inakuwa na kasi ndogo. Fungua NVIDIA Control Panel, nenda kwenye taarifa za mfumo, soma kiwango cha juu cha nguvu ya kadi. Ile nyembamba niliyoipenda kwa macho niliiacha dukani kwa sababu hiyo.

Niliyonayo ni nzito, chaja yake kama tofali, na bila umeme haifiki saa mbili. Feni zinavuma. Usiku wa kutoa picha naiinua juu ya vipande viwili vya mbao ipate hewa, nafunga mlango watoto walale.