Geji ya gesi ya AC niliyonunua Gerezani, miezi mitatu baadaye

Wakuu, hiki kidude cha kupimia presha ya gesi ya AC ya gari nimekaa nacho mwezi wa tatu sasa, naweza kukisemea. Naendesha Premio, taxi za mtandaoni hapa Dar, na kwa joto la Februari AC ikizingua abiria hakwambii kitu, anashuka kimya afu anakumaliza kwenye nyota.

Shida yenyewe ilikuwa hivi, nikiwa natembea barabara ya Bagamoyo baridi safi kabisa, nikikaa foleni ya pantoni pale Magogoni dakika tano tu inaanza kutoa upepo wa vuguvugu kama mtu anakupulizia kwa mdomo. Nikaenda kwa fundi, boneti hata hajaifungua vizuri, "gesi imeisha kaka", elfu hamsini. Jioni ile ikapoza, kesho yake mchana ni yale yale, nikarudi, "itakuwa imevuja, tuongeze", elfu thelathini nyingine na hapo ndo ikawa balaa, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inanasa kidogo inaachia, tak, inanasa, tak.

Jirani yangu fundi friji ndo akanistua. Akasema gesi ya AC hailiwi kama petroli, ikipungua kuna mahali imevuja, sasa huyo fundi alikuonyesha imevujia wapi? Sikuwa na jibu. Kesho yake nipo Gerezani natafuta geji, nikaipata ya R134a, aina ya gesi inayotumika kwenye AC ya gari langu, kwa elfu sabini, mipira mitatu, bluu ya presha ndogo, nyekundu ya presha kubwa, njano ya katikati ya kujazia. Maelekezo Kichina tupu. Mshale wa bluu ulikuwa haujakaa kwenye sifuri, ikabidi nifungue kioo nizungushe kiskrubu kidogo cha kurekebisha.

Tukapima asubuhi gari imepoa haijawashwa, mishale yote miwili PSI 90 hivi. Mi nikafurahi, jirani akacheka, anasema hiyo inakuonyesha tu kwamba gesi imo, haikuonyeshi imo kiasi gani maana gari likizimwa presha inafuata joto la hewa. Washa, AC mwisho. Kwa joto letu bluu inatakiwa icheze 30 mpaka 40 na nyekundu 200 na kitu, sasa ya kwangu bluu imekaa 60 na nyekundu inapanda 250, 300, 400 na bado inakwenda, mara tak, kompresa imeachia. Yani ilikuwa inajikata yenyewe isije ikapasuka!

Jirani akachukua beseni la maji akamwagia kondensa, ile kama rejeta ya kupoza gesi ya AC pale mbele. Jamani ule mshale mwekundu ulishuka tunauangalia, na ndani baridi ikarudi hapo hapo. Kumbe kondensa ilikuwa haipozwi, gari likitembea upepo wa njiani unasaidia, likisimama hamna kitu. Kuangalia feni ya kondensa, imesimama tuli, akaisukuma na kijiti ikaanza kuzunguka. Kaboni za mota, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha. Feni yani, na mi elfu themanini yangu imeenda kwenye gesi ambayo ilikuwa imejaa tangu mwanzo!

Nikanunua feni ya mtumba elfu sitini, afu nikatafuta fundi mwingine mwenye mashine ya kunyonya gesi na mizani, akaitoa yote akarudisha kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Sa hivi foleni ya pantoni nyekundu inasimama 220, bluu 35.

Sasa msije mkadhani geji inamaliza kila kitu. Sehemu inapovuja haikuonyeshi, hapo utahitaji povu la sabuni au ile dawa inayong'aa kwenye taa. Na kama unajaza mwenyewe na kopo la gesi, gari linaunguruma, ile koki nyekundu ya geji, ya upande wa presha kubwa, usiifungue kabisa, presha ya kule ikirudi kwenye kopo linaweza kukupasukia mkononi, hapo sitanii.

Kwa bei ile naipa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu ya kichwa cha mpira mwekundu, kila nikikichomoa kilikuwa kinapiga pssss mpaka vidole vinakufa ganzi kwa baridi, nimekibadilisha oringi, kile kipete cha mpira cha kuzuia kuvuja, ya shilingi mia tano na tangu hapo kimetulia.