Saikloni ya ndoo: nimeitumia miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Jamani mi useremala wangu naufanyia kwenye kachumba kadogo nyumbani, na kwa muda mrefu kilichokuwa kinanikera ni vakyum, yaani unapiga msasa ubao mmoja tu unasikia mlio umebadilika, haivuti tena, ukifungua unakuta filta imegandwa na unga wa mbao pande zote. Unatoka nje unakung'uta, unarudi, muda si mrefu yale yale. Ndo nikanunua hii saikloni, ile koni ya plastiki inayofungwa juu ya mfuniko wa ndoo.

Hewa inaingilia ubavuni, inazunguka humo kwenye koni, maranda na vumbi zito linasukumwa pembeni linashuka kwenye ndoo, af hewa inapandia katikati kwenda kwenye vakyum. Basi. Ndoo nimeshaimwaga mara nyingi mno, ila tenki la vakyum nilipolifungua juzi nimekuta poda kama vijiko vitatu tu. Nimefurahi sana kwa kweli.

Sasa hiyo poda ndo inabidi tuiongelee, maana wengi wanadhani wakishafunga saikloni wamemaliza. Vumbi la mbao IARC, lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, wameliweka kundi la 1 la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na lile laini kabisa ambalo ndo linafika ndani ya mapafu saikloni hailikamati lote, linapita. Vakyum yenye filta ya kawaida inalitoa kwa nyuma unalivuta wewe. Mi nililiona jioni moja jua limeingia dirishani, mashine zote nimezima zamani na chumba bado kimejaa vumbi linaelea. Kesho yake nikatafuta filta ya HEPA, ile inayokamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3, na barakoa ya N95 siivui hata nikimaliza kazi mpaka nitoke mle ndani. HEPA peke yake ingeziba haraka sana, kwa hiyo saikloni inailinda.

Nyota nne. Moja nimeikata sababu ya mfuniko. Wiki ya kwanza vumbi lilikuwa linapita kibao nikajua nimeuziwa kitu kibovu, kumbe hewa inavujia kwenye ukingo wa mfuniko, ikiingia inalipandisha vumbi lililokwisha kutulia. Nilipitisha kipande cha tishu pale ukingoni nikaona kinanyonywa. Nikazungusha utepe wa sponji, tatizo likaisha, lakini kitu kama hicho kingetoka nacho kiwandani. Na ndoo tafuta nene, yangu ya mwanzo ilikuwa nyepesi, siku kipande cha mbao kimeziba mpira wa kuvutia hewa ikabonyea ndani puu!

Mpira nao ufupishe. Nilikuwa na mita 5 za ule wenye makunyanzi, nimebaki na 2, inavuta vizuri zaidi waziwazi.

Ila kama unainunua kwa ajili ya msumeno wa meza au randa ya mashine, usinunue. Vakyum inavuta kwa nguvu lakini hewa inayopita ni kidogo, hizo mashine zinataka kifyonza vumbi kikubwa chenye bomba la inchi 4. Nilijaribu kwenye randa, maranda yakajisokota kwenye mdomo wa koni nikakaa nayachomoa kwa waya.