Kula nje Cannes: pa kuanzia, na pa kupita tu

Cannes, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, unalipia kiti kabla ya chakula. Kadiri meza inavyosogea Croisette, barabara ile ya ufukweni yenye mahoteli makubwa, ndivyo bili inavyopanda. Nimepanga kwa thamani ya pesa, si kwa fahari.

1. Chakula cha mchana, mitaa ya ndani. Hakuna kinachoshinda hiki. Ingia Rue Meynadier na vichochoro vyake, tafuta ubao ulioandikwa "plat du jour", yaani chakula cha siku, au "formule", yaani sahani mbili au tatu kwa bei moja. Wengi huitoa mchana tu. Fika kuanzia saa sita. Ikigonga saa nane majiko mengi yanazimwa, na hapo kubembeleza hakusaidii. Agiza "une carafe d'eau", maji ya bomba kwenye jagi, ni bure. Ukisema "maji" tu, huenda ukaletewa chupa ya kulipia. Huduma imeshahesabiwa kwenye bei, kwa hiyo bakshishi ni hiari yako.

2. Soko la Forville. Nenda asubuhi, ila si Jumatatu, maana siku hiyo huuzwa vitu vya kale. Kula socca: unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, huokwa kwenye sinia pana na kunyunyiziwa pilipili manga. Mla bajia ataijua ladha mara moja. Asiyekula nguruwe wala kugusa pombe yuko salama na socca. Kwenye migahawa aulize kwanza, kwani vipande vya nguruwe hujificha hata kwenye saladi, na kome hupikwa kwa mvinyo. Au nunua mkate, jibini na matunda, upande boti kwenda kisiwa cha Sainte-Marguerite ukale chini ya misonobari.

3. Le Suquet, jioni. Mji mkongwe wa kilimani, unapendeza kweli. Angalia bei ya samaki mzima: mara nyingi ni ya gramu 100. Ikiandikwa euro 9 na samaki ana gramu 800, utalipa 72. Mwambie mhudumu ampime samaki kabla hajapelekwa jikoni.

4. Migahawa ya ufukweni, Croisette. Kahawa inatosha.

5. Hoteli kubwa. Labda fungate, na mlipaji awe mwingine.

Mwezi Mei, wakati wa tamasha la filamu, panga kulala na kula Nice, mji jirani, uje Cannes kwa treni kutazama watu.